Karani Asiyejua Kukaa

Mtu aliyenifundisha kazi ya karani hakuwahi kukubali kwamba naijua. Hata nilipokwisha kuwa na meza yangu, ufunguo wangu na kikombe changu cha chai, aliendelea kunitambulisha kwa wageni kama stajiere, yaani mtu aliyekuja kujaribu kazi na ambaye anaweza kurudishwa kwao wakati wowote. Niliolewa nikiwa stajiere. Nilizaa nikiwa stajiere. Mume wangu alipokuja kunichukua jioni moja, mzee alimpa mkono kwa heshima zote akamwambia avumilie tu, huenda siku moja nitaelewa.

Sote tulimwita Tata Shefu, na hapa nitamwita hivyo hivyo. Jina lake lilikuwapo kwenye kibao mlangoni, ila vumbi la malori ya madini lilikuwa likilila kila wiki, na kila Jumatatu alilifuta mwenyewe kwa leso yake. Hakumwachia mtu mwingine kazi hiyo, kwa sababu sisi, alisema, tungemsahau katikati na kumwacha nusu. Ofisi yenyewe iko Manika, mtaa wa mji wetu wa migodi, nyuma ya soko: vyumba viwili, kibaraza, na benchi moja ndefu ya watu wanaosubiri. Tunatoa vile vyeti vidogo vya serikali ambavyo hakuna anayevipenda na hakuna anayeweza kuishi bila kuwa navyo.

Siku ya kwanza nilifika na shahada yangu ndani ya plastiki, viatu vya visigino virefu, na karatasi iliyoeleza kwamba nina uwezo wa uongozi. Niliiandika mwenyewe hiyo, kwa hiyo niliiamini. Usiku mzima nilikuwa nimejiandaa kujibu maswali ya Kifaransa. Tata Shefu hakufungua bahasha. Alinionyesha kiti kisicho na mikono, akaniambia nikae, akaendelea na kazi zake.

Nikakaa. Baada ya muda nikapandisha mguu juu ya mguu. Nikatoa simu, nikairudisha, nikaitoa tena. Nikainuka kwenda kutazama dirishani, ambako hapakuwa na cha kutazama ila mama muuza maandazi. Mwishowe nikauliza, kwa adabu niliyodhani ni nyingi, kama amenisahau.

"Diplome yako mi naiamini," akasema. "Lakini kuikala, hauyue." Kukaa, yaani, sijui.

Kisha akanieleza sifa za karani anayeanza. Kuandika, alisema, mtu hujifunza. Kompyuta pia, hata watoto wanaiweza. Kifaransa kinatosha kidogo. Kitu ambacho shule haikupi ni kukaa mbele ya mtu mwenye shida bila kutazama saa, simu wala mlango, kwa sababu mwenye shida huona macho yako yanaenda wapi. Nilikuwa nimefaulu mitihani yote ya maisha yangu, na huo ulikuwa wa kwanza kunishinda, tena mtihani wenyewe ulihitaji matako tu.

Kwa nini alinichukua, sijui hadi leo. Nadhani hakuja mwingine.

Nikiambiwa leo nitaje kazi za karani wa ngazi ya chini, nitazitaja kama alivyonipa yeye. Unafungua dirisha kwanza, mlango baadaye. Unafuta benchi ya wanaosubiri kabla ya meza yako. Kila anayeingia unamwinukia, unamsalimu, unamuuliza habari za nyumbani, unampa mahali pa kuketi, na ndipo unamuuliza amekuja kwa nini. Kwa mama mzee unainuka wima kabisa. Kwa wakubwa wa siasa unainuka nusu, kwa kuwa hawakai sana. Nilikuwa nimeajiriwa kwa kazi ya kukaa ambayo nilikwisha ambiwa siijui, na kutwa nzima nilikuwa nikisimama. Jioni nilimwambia mama yangu kwamba serikali imenifanya mtumishi wa kanisa.

Mafaili aliyapanga kwa mitaa, kisha kwa koo, kisha kwa ugomvi, maana ndugu waliokosana hakutaka walale rafu moja. Mimi, kwa uwezo wangu wa uongozi, nilikuja Jumamosi moja nikayapanga yote kwa herufi. Jumatatu ofisi ikasimama. Nilikuwa nimesahau kwamba huku kwetu nusu ya watu jina linaanza na K na nusu nyingine linaanza na M. Nilikuwa na milima miwili ya karatasi na mabonde matupu katikati. Lakini nisimpambe sana mzee. Hata kwa mpango wake mwenyewe alikuwa akipotea, na alipopotea alitoa kichwa dirishani kumuuliza mama wa maandazi familia fulani ilihamia upande gani. Yule mama ndiye aliyekuwa rejista yetu halisi, naye hakuwa na mshahara.

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake bila kuona haya. Alikataza chakula ofisini, na droo ya bahasha aliijaza karanga, hata barua zetu za kwenda mkoani zilikuwa zikifika na alama za mafuta na maganda mekundu. Alihubiri kuwahi, na hakuna siku aliyowahi, kwa kuwa njiani alimsalimu kila mtu. Kijana wa pikipiki aliyekuwa akimbeba alimwomba siku moja ateremke atembee, maana kusimama kila nyumba kunammalizia mafuta. Alichukia umbea, na hakuna umbea wa Manika ambao hakuupata kabla ya saa nne.

Familia yangu ni ya Kasai. Babu aliletwa huku kufanya kazi ya migodi, akazikwa huku, na bado wapo wanaotuuliza tutarudi kwetu lini. Siku moja bwana mmoja akasema mbele yangu kwamba hataki kuhudumiwa na mgeni. Tata Shefu akamjibu kwa upole kwamba hakuna shida, basi asubiri mpaka huyu mgeni atakapopata nafasi ya kumtafutia mwenyeji. Akamwacha benchini asubuhi yote. Watu wakahudumiwa wakaisha. Mwishowe yule bwana akaja mezani kwangu, akanisalimu, akaniuliza habari za nyumbani, ndipo akapewa cheti chake. Nilikuwa karibu kulia kwa shukrani. Alipotoka, mzee akaniita pembeni akaniambia kwamba yule bwana amekosea kuhusu kabila langu, lakini kuhusu kazi yangu ana wasiwasi wa haki.

Kazi nyingine ya karani ni kwenda kuhakikisha. Alikuja mtu wa Kasulo kutaka cheti cha makazi, na Tata Shefu alikwisha sikia kwamba nyumba yake haina tena sakafu, kwa sababu kama wengi wa kule alikuwa akichimba kobalti chini ya sebule. Je, mtu anaishi mahali pasipo na sakafu? Nikatumwa nikaangalie. Nikaenda na visigino vyangu. Sebule ilikuwa nadhifu: makochi, picha ya harusi, vitambaa vya kufuma, na katikati turubai la chungwa lililotandikwa vizuri. Nilidhani ni zulia, nikalikanyaga.

Wenye nyumba walinidaka kwa mkoba. Mguu mmoja ulikuwa umening'inia, na kiatu kilichukua muda mrefu kabla ya kufika chini. Sauti ya mwanaume ikapanda kutoka kule shimoni ikiuliza nani anatupa viatu. Mwenye nyumba akanishikilia, mkewe akaniletea maji, na mimi, nikiwa na kiatu kimoja, nikauliza kwa sauti ya kiserikali kama wanalala hapo kweli. Wakanionyesha kitanda. Niliporudi, Tata Shefu aliuliza kama karatasi haikuchafuka. Kisha akaamua kwamba mtu mwenye kitanda, mke na picha ya harusi mahali fulani anaishi mahali hapo, na kama serikali haipendi shimo basi itoe cheti kingine cha mashimo. Kesho yake nilikuta juu ya meza yangu kandambili mpya za plastiki. Sikumshukuru, kwa sababu nilikuwa bado nimenuna kuhusu ile karatasi.

Sasa nifike kwenye muhuri, yaani kashe, kama tunavyosema huku. Alikwenda nao kila mahali. Ulikaa katika mfuko wa kifuani wa koti lake la kijivu, na wino ulikuwa umetengeneza doa la zambarau ambalo wageni walilidhania ni nishani. Alikwenda nao kanisani. Alikwenda nao msibani, na mtu akimwomba pale pale ampigie karatasi yake, alijibu kwamba ofisi imefungwa, huku ofisi ikiwa kifuani pake.

Kupiga muhuri, alinifundisha hivi: kwanza sahihi, kisha muhuri unaoshika mkia wa sahihi, na usiguse jina la mwenye karatasi hata herufi moja. Kulifunika jina la mtu, alisema, ni kazi ya wachimba kaburi, na wao wana ofisi yao. Nilipogusa herufi, alichana karatasi. Umeme ukiwa umekatika, alichana vilevile, nami nikaandika upya kwa mkono. Nilichaniwa karatasi nyingi katika miaka hiyo kuliko barua nilizoandikiwa na wanaume wote wa ujana wangu, ingawa ukweli ni kwamba hizo hazikuwa nyingi.

Lakini jambo ambalo lilitutia wazimu sote lilikuwa cheti cha kuwa hai. Wazee waliostaafu, hasa wa ile kampuni kubwa ya zamani ya shaba, hutakiwa kila mwaka waje kuthibitisha kwamba hawajafa, la sivyo wanafutwa kwenye orodha ya pensheni. Mzee anakuja mwenyewe, karani anaandika kwamba amemwona kwa macho yake, anatia sahihi na muhuri, basi. Mimi nilikuwa navichapa vyote asubuhi kabla hawajafika, na niliona fahari.

Tata Shefu hakukubali kwamba kusimama mbele ya meza ni ushahidi. Nguzo ya umeme pia inasimama, alisema, na haina kitu ndani siku nyingi za wiki. Kwa hiyo aligombana nao. Mzee wa migodi aliambiwa kwamba timu ya ujana wake haikuwahi kujua mpira. Mama mjane aliambiwa kwamba sombe ya siku hizi, yaani kisamvu, ni tamu kuliko ya zamani. Mlokole aliambiwa kwamba kwaya za Wakatoliki ndizo zinazosikika mbinguni. Aliwachokoza taratibu, bila haraka, huku benchi nzima ikininong'oneza mimi matusi, mpaka mzee akapiga meza au akacheka. Hapo ndipo mkono wake ulipokwenda kifuani.

"Uyu eko muzima," aliniambia. "Andika."

Siku moja alikuja mzee ambaye hakujibu lolote. Tata Shefu akatoka akakaa naye benchini, bega kwa bega. Akanituma chai. Yule mzee akaonja, akakunja uso, akasema chai haina sukari. Nikaambiwa niandike. Niliandika, na moyoni nilisema kwamba serikali yenye watu kama hawa haitafika popote.

Umri wa kustaafu alikuwa ameupita zamani. Huku kwetu mtumishi hastaafu kwa sababu amezeeka, hustaafu serikali ikimkumbuka, na serikali ina mengi ya kukumbuka. Ilipomkumbuka, tulinunua soda na biskuti, mkubwa mmoja akasoma hotuba, na Tata Shefu akanikabidhi muhuri ukiwa umefungwa ndani ya leso. Akataka nimwandikie karatasi kwamba nimeupokea. Nikaandika. Akaichana, nikaandika nyingine. Alipofika mlangoni akageuka, kofia mkononi.

"Sasa mi nitakuwa nakuya hapa juu ya nini?"

Nilitaka kumchekesha. Nikamwambia atakuja kuchukua cheti chake cha kuwa hai, kama wazee wengine. Hakucheka. Alikwenda kuishi kwa dada yake upande wa Mutshatsha, ambako wanalima mihogo, nami nikaingia katika kiti chake, chenye mikono.

Ni kiti kigumu kuliko kinavyoonekana.

Kiangazi kilichopita, benchi ikiwa imejaa, niliona koti kabla ya kumwona mtu. Lilikuwa lile lile la kijivu, lenye doa la zambarau kifuani, ila ndani yake palikuwa na nafasi nyingi. Aliletwa na mpwa wake, mwanamke wa makamo aliyekuwa amemshika kiwiko. Nikainuka wima kabisa. Nikamsalimu, nikamuuliza habari za nyumbani. Akanipa mkono, mwepesi, akatazama ukuta.

Mpwa wake akaniambia kwamba siku hizi hasemi. Ukimweka mahali anakaa. Ukimpa chakula anakula, usipompa haulizi. Nyumbani wanasema ni uzee.

"Mama Shefu, tangu alitoka huku ku kazi njo vile," akasema. "Anaikala tu."

Nikampa kiti kile kisicho na mikono, kwa kuwa kingine nilikuwa nacho mimi. Alikaa vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Kwa sheria ya serikali nilikuwa nimemaliza kazi: mtu yupo, anapumua, nimemwona. Lakini nilijua sheria yake, na kwa sheria yake nisingeweza kuandika. Nikaogopa. Sikutaka niwe mimi wa kuandika kwamba Tata Shefu yu hai huku nikijua moyoni kwamba naandika uongo.

Basi nikagombana naye. Nikamwambia timu ya ujana wake haikuwahi kujua mpira. Hakuna. Nikamwambia kwamba nimezitupa karanga zote na bahasha zetu sasa ni safi. Hakuna. Nikamwambia nimeyapanga tena mafaili kwa herufi, na hapo nilimtazama sana, maana nilidhani hiyo itamfufua. Alipepesa macho tu. Nikamwambia kwamba siku hizi nawahi kazini, na benchi nzima ikacheka, kwa sababu wananijua, lakini yeye hakucheka. Nikaagiza chai isiyo na sukari. Akainywa yote, polepole, akaweka kikombe mezani.

Chai ile iliniumiza kuliko kitu kingine chochote. Nilikuwa nimemaliza akili zangu zote, na nimekwisha kueleza kwamba hazikuwa nyingi.

Mpwa wake akaniomba tumalize, kwa kuwa gari la Mutshatsha halingoji. Umeme ulikuwa umekatika. Nikachukua karatasi nikaandika kwa mkono, jina lake lote, kwa herufi nzuri alizonifundisha. Machoni palikuwa na maji na sikuona mstari vizuri. Nikatia sahihi, nikainua muhuri, nikaushusha.

Ningependa kusema nilifanya makusudi. Watu waliokuwapo wananisifu hadi leo kwa busara hiyo, na wengine nimewaacha waendelee. Ukweli ni kwamba nilipiga vibaya tu, kama kawaida yangu, katikati ya jina lake, pakawa pa zambarau pote.

Mkono wake ukaanguka juu ya meza, kikombe kikaruka.

"Madmazeli."

Hakuna mtu mwingine duniani anayeniita hivyo, yaani binti asiyeolewa, na watoto wangu wamenipita urefu.

"Ile ni jina yangu," akasema. Sauti ilikuwa na kutu, lakini ilikuwa yake. "Unanifunika, na mi niko hapa nakuangalia?"

Akaivuta karatasi, akaichana vipande viwili, kisha vinne. Mpwa wake akaziba mdomo kwa kitambaa. Nikaandika nyingine. Akaiweka karibu na macho akasema tarehe imeshuka mno, akaichana. Nikaandika ya tatu. Watu wa benchi wakaanza kunung'unika, akawageukia akawaambia wakae vizuri, hii ni ofisi. Akauliza kwa nini dirisha limefunguliwa nusu. Akauliza nani amempa huyu kiti chenye mikono. Nilijibu yote, "ndiyo Tata, pole Tata," huku machozi yakishuka na mimi nikicheka, na karatasi ya tatu ikalowa, kwa hiyo ikawa ya nne.

Muhuri ulipokaa mahali pake, umeshika mkia wa sahihi, aliisoma karatasi kutoka mwanzo hadi mwisho. Akaikunja, akaitia katika mfuko wa kifuani. Bwana mmoja mwenye haraka akamuuliza mpwa kwa sauti kama wataondoka leo au kesho, na alikuwa na haki. Mlangoni Tata Shefu akasimama. Alitoa leso, akafuta kile kibao, ambacho sasa kina jina langu na ambacho, lazima niseme, sikuwa nimekigusa tangu mvua zilipokoma. Alikifuta chote, hakuacha nusu.

Kisha akamgeukia mpwa wake, lakini alisema kwa sauti ya benchi nzima.

"Mwaka kesho tutarudia. Uyu hajayua bado kazi."

Nilisimama wima mpaka gari lao lilipopotea katika vumbi. Kisha nikamwita aliyefuata, nikamsalimu, nikamuuliza habari za nyumbani, nikampa kiti, nikakaa.